Senti 10 za mpiga picha wa ridhaa

Wanaouza kozi za kutafuta pesa mtandaoni wanaipenda sana biashara ya picha za stoki, yaani picha zilizowekwa kwenye maktaba za mtandaoni ili yeyote anunue ruhusa ya kuzitumia, kwa sababu inasimulika kwa pumzi moja: piga picha, ipakie, lala, amka ukute dola. Hakuna mteja wa kubembeleza, hakuna harusi ya kukesha, hakuna pango la duka. Na kwa kuwa kila mwenye kamera ana maelfu ya picha zilizolala kwenye diski, swali linajileta lenyewe: kwa nini na zenyewe zisitafute?

Simulizi hiyo haina uongo mkubwa, ila imeacha tarakimu nje. Tarehe 1 Juni 2020 Shutterstock, mojawapo ya maktaba kubwa za picha mtandaoni, ilianza kuwalipa wapiga picha kwa mfumo mpya wa ngazi 6. Aliye ngazi ya chini hupata asilimia 15 ya bei, aliye juu kabisa asilimia 40, na picha moja haiwezi kulipwa chini ya senti 10 za dola. Unapanda ngazi kwa idadi ya mara ambazo picha zako zimepakuliwa katika mwaka. Mpaka mara 100 bado uko ngazi ya kwanza. Ngazi ya sita inaanza ukivuka mara 25,000. Kisha Januari mosi ikifika kila mtu anarudishwa chini, awe alijiunga wiki iliyopita au ana miaka 15 humo ndani, na kupanda kunaanza upya.

Maktaba hizi pia hazikutumii pesa mpaka salio lifike kiwango walichokiweka. Adobe Stock, maktaba nyingine kubwa, wanataka dola 25. Sasa chukua kiwango cha namna hiyo, chukua na malipo ya senti 10, upige hesabu: mara 250 mtu usiyemjua lazima aione picha yako katikati ya mamilioni, aichague, aipakue, ndipo ulipwe dola 25 za kwanza. Wapo wapiga picha wa ridhaa wenye picha mia mbili nzuri kabisa mtandaoni ambao hawatauona muamala huo mwaka mzima.

Malalamiko yalikuwa mengi mwaka ule wa 2020, na wapiga picha kadhaa waliondoa kazi zao kwa hasira. Nawaelewa. Lakini siungi mkono wazo kwamba soko lilikuwa zuri halafu likaharibiwa. Soko hili lilisimama kwa sababu mpiga picha wa ridhaa alikubali kulipwa kidogo kuliko mtu anayeishi kwa kamera. Urahisi wake ndio uliokuwa mtaji. Sasa amepatikana aliye rahisi kuliko yeye, nayo ni mashine inayotengeneza picha yenyewe, na anayetaka kuuza picha leo anapaswa kujua ni kipi alichonacho ambacho mashine haina.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2000 picha ya stoki kwa sehemu kubwa ilikuwa kitu cha kukodishwa. Mhariri au wakala wa matangazo alieleza ataitumia wapi, kwa ukubwa gani, kwa muda gani, nakala ngapi, na bei ikapangwa kufuatana na majibu yake. Wapiga picha walikuwa wachache, wakipeleka slaidi zao kwa mawakala na kungoja. Juu ya mawakala hao, watu wenye fedha walikuwa wameshaanza kununua kila kilichokuwa sokoni: Bill Gates alianzisha kampuni ya picha ya Corbis mwaka 1989, na mwaka 1995, mwaka uleule ambao Mark Getty na Jonathan Klein walianzisha kampuni iliyokuja kuwa Getty Images, Corbis ilinunua hazina kubwa ya picha za kihistoria ya Bettmann. Katika ulimwengu huo mtu anayepiga picha Jumamosi na Jumapili hakuwa na mlango wa kubisha.

Mlango ulifunguliwa Kanada. Mwaka 2000 Bruce Livingstone alianzisha iStockphoto, mahali ambapo wabunifu walibadilishana picha bure. Gharama za kuendesha mtandao zikawalazimu watoze kiasi kidogo, na kiasi hicho kidogo ndicho kilichobadilisha kila kitu, kwa sababu kumbe kulikuwa na wanunuzi wengi mno ambao hawakuwahi kumudu bei za zamani: mwenye gazeti dogo, mwalimu, mwenye duka anayetaka kipeperushi. Mwaka 2006 Getty Images waliinunua iStockphoto kwa dola milioni 50. Katikati ya hapo, mwaka 2003, Jon Oringer wa New York alikuwa ameanzisha Shutterstock kwa picha kama 30,000 alizozipiga mwenyewe, akaleta kitu ambacho naona kilikuwa na nguvu kuliko bei ndogo: kifurushi cha mwezi.

Kifurushi kinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake ndimo senti zinamopotelea. Mnunuzi wa kifurushi kikubwa hulipa kiasi kilekile, apakue picha 5 au 700. Akipakua nyingi, thamani ya kila moja inashuka. Mpiga picha anapewa asilimia ya kitu ambacho ukubwa wake unaamuliwa na mtu mwingine, baada ya picha kupigwa, kwa tabia yake ya kupakua. Hana namna ya kupandisha bei. Hajui hata picha imekwenda kutumika wapi. Anachokiona ni mstari mmoja kwenye ripoti: nchi fulani, leseni ya kawaida, senti kadhaa.

Kwa nini watu walikubali? Kwa sababu walikuwa na ajira kwingine, na senti 25 kutoka kwa mgeni wa bara jingine ilikuwa na ladha ambayo mshahara hauna. Kuchaguliwa kunafurahisha. Sioni aibu yoyote katika furaha hiyo, ila lazima ikubaliwe kwamba ndiyo iliyopanga bei ya soko zima, na mpiga picha anayelisha familia kwa kamera alishindwa kushindana nayo.

Kuna wanaotajwa kila mara kama ushahidi kwamba stoki inatajirisha. Yuri Arcurs wa Denmark ndiye maarufu zaidi, na kweli alifika kileleni mwa mauzo. Lakini yeye aliendesha studio yenye wafanyakazi, wanamitindo wa kulipwa na ratiba ya uzalishaji. Kumtaja Arcurs kwa mtu mwenye kamera moja na mapumziko ya mwisho wa wiki ni kumwonyesha kiwanda na kumwambia ashindane nacho kwa mikono mitupu.

Basi tuje kwenye picha zenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani mnunuzi anatafuta picha nzuri. Mnunuzi wa stoki ana ukurasa wenye pengo. Anaandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, anapitisha macho juu ya picha ndogondogo zilizojipanga, anachukua ile inayoziba pengo lake. Anahitaji nafasi tupu upande wa kushoto kwa ajili ya kichwa cha habari. Anahitaji mtu anayetazama upande wa maandishi, asitazame pembeni. Anahitaji picha ya wima kwa sababu itaonekana kwenye simu. Machweo yako ya dhahabu juu ya maji, ambayo ndugu na marafiki wameyapenda, hayazibi pengo lolote. Na hata yangeziba, yapo machweo mengine mengi mno kiasi kwamba mnunuzi hatafika ukurasa ambao yako yamelala.

Mtu atanijibu kwa kunitajia kile kilima cha kijani chini ya anga la buluu kilichokaa kwenye kompyuta za Windows XP kuanzia mwaka 2001, labda picha iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote. Charles O'Rear aliipiga mwaka 1996 huko Sonoma, California, akiwa njiani kumwona mpenzi wake. Ndiyo, ni mandhari, tena nzuri. Ila O'Rear hakuwa wa ridhaa. Alikuwa amefanya kazi na National Geographic kwa miaka mingi. Halafu itazame tena picha yenyewe: hakuna mti, hakuna mtu, hakuna nyumba, na zaidi ya nusu ya fremu ni anga. Ukiweka alama za programu juu yake zinasomeka zote. Uzuri wake ulikuwa na nafasi ya kazi ndani yake.

Mfano wa pili unanifundisha zaidi. Antonio Guillem wa Hispania alipiga mwaka 2015 picha ya kijana aliyeshikana mkono na mpenzi wake huku amegeuka kumkodolea macho mwanamke mwingine aliyepita. Mwaka 2017 picha hiyo ilienea duniani kama kichekesho. Wengi waliicheka bila kujua kwamba ni picha ya stoki iliyopangwa kwa makusudi kueleza usaliti katika mapenzi, na kwamba kichwa chake kwenye maktaba kilieleza hivyohivyo bila kupinda: mwanamume asiye mwaminifu anatembea na mpenzi wake huku akimshangaa msichana mwingine anayevutia. Kabla kamera haijatolewa kwenye mfuko, Guillem alijua ni makala gani ingehitaji picha ile. Makala kuhusu ndoa, wivu, ushauri wa mahusiano. Alianza na pengo, akalitengenezea picha.

Kichwa hicho kinatuleta kwenye kazi ambayo kozi za mtandaoni huipitia haraka kwa sababu haivutii: maneno ya utafutaji. Picha isiyo na maneno haipo. Mashine ya kutafutia huegemea ulichokiandika, na maktaba hutaka maneno mengi. Shutterstock wanataka yasipungue 7 na yasizidi 50, na Adobe Stock huwaambia wachangiaji wao kwamba mpangilio una uzito, yale 10 ya mwanzo yakibeba zaidi. Wanaoanza hujaza nafasi kwa maneno ya hewani: furaha, uhuru, mafanikio, maisha. Maneno hayo yanakupeleka kwenye foleni ndefu kuliko zote, ambako wenye studio wamekutangulia kwa miaka mingi. Anayepata mauzo ni yule anayetaja kitu kwa jina lake. Badala ya "mashine", ni mashine ya kuchonga chuma, inavyoendeshwa kwa mkono, na fundi amevaa miwani ya kinga. Badala ya "mdudu", ni jina la kisayansi la mdudu huyo, jani alilokaa juu yake, na hatua ya ukuaji wake. Kwa kuwa wanunuzi wengi hutafuta kwa Kiingereza, hapo pana kazi ya ziada kwa kila ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani, na kamusi ya fani inakuwa kifaa cha kazi sawasawa na lenzi. Programu za kupendekeza maneno zipo, nazo husaidia, ila hupendekeza yaleyale kwa kila mtu.

Ukaguzi wa ubora nitaupitia haraka kwa sababu unajifunzika. Picha iwe na megapikseli 4 au zaidi, isiwe na chenga za giza, jicho la mhusika lisiwe na ukungu, mstari wa upeo usiinamie upande. Simujanja nzuri kwenye mwanga wa kutosha inapita. Usipakie picha 30 za kikombe kimoja; zitarudishwa kwa kufanana.

Pasipojifunzika kirahisi ni kwenye karatasi. Nadhani watu wengi wa ridhaa wanakwama hapa bila kujua. Maktaba hugawa picha katika mafungu mawili. Picha ya matumizi ya kibiashara inaweza kuwekwa kwenye tangazo, na kwa hiyo kila mtu anayetambulika ndani yake lazima awe ametia saini fomu ya idhini. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Mali ya mtu, nyumba ya kipekee, kazi ya sanaa ukutani, nazo huomba idhini ya mwenyewe. Nembo zote lazima zifutwe, mpaka ile mistari mitatu ubavuni mwa kiatu. Picha ya matumizi ya kihabari haihitaji fomu hizo, ila haiwezi kuuza bidhaa. Inakwenda kwenye magazeti, vitabu vya shule, ripoti. Inatakiwa isichezewe, na maelezo yake yataje mahali, tarehe na tukio.

Mnara wa Eiffel ni mfano mzuri wa namna sheria inavyoweza kujificha ndani ya picha moja. Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923, na mnara wenyewe mchana ni wa kila mtu. Mapambo ya taa za usiku, ambayo mfumo wake wa sasa ulianza na kazi ya Pierre Bideau mwaka 1985, yanachukuliwa na wasimamizi wa mnara kuwa kazi ya sanaa yenye hakimiliki, na matumizi ya kibiashara yanataka ruhusa yao. Kitu kilekile kinaweza kupokelewa saa kumi jioni na kukataliwa saa tatu usiku.

Na fomu ya idhini ina upande wa pili ambao maktaba hazitausemea sana. András Arató, mhandisi wa umeme kutoka Hungaria, alikubali kupigwa picha za stoki. Akatabasamu ofisini, akatabasamu na kikombe mkononi. Watu wa mtandaoni wakayaona maumivu nyuma ya tabasamu lile, wakampa jina la Harold, na uso wake ukawa kichekesho cha dunia. Yeye hatimaye alilipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu na akalifanya kuwa shughuli. Shangazi yako huenda asilipokee hivyo. Anayempa jirani yake fomu asaini huku akimwambia "ni karatasi tu" hamtendei haki, maana karatasi hiyo inaruhusu uso wa jirani kutokea kwenye tangazo la dawa, la mkopo, la chama cha kutafuta wachumba, katika nchi asizozijua, kwa miaka. Maktaba huweka mipaka kwa mada nyeti, lakini mipaka hiyo inasimamiwa baada ya kosa kutokea. Mweleze kwanza, umwonyeshe mifano, kisha kalamu.

Sasa mashine. Septemba 2022 Getty Images walipiga marufuku picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba kwenye maktaba yao. Oktoba mwaka huohuo Shutterstock walitangaza ushirikiano na OpenAI, kampuni ya akili mnemba, ili wateja watengeneze picha humohumo, na kuahidi mfuko wa kuwalipa wapiga picha ambao kazi zao zilitumika kuifunza mashine. Desemba Adobe Stock wakafungua mlango kwa picha za mashine mradi ziwekewe alama. Machi 2023 Adobe wakatoa Firefly, mashine yao ya kutengeneza picha, iliyofunzwa kwa picha za maktaba yao wenyewe. Na Septemba 2023, mwaka mmoja baada ya marufuku yao, Getty wakaja na chombo chao cha kutengeneza picha, nacho kimefunzwa kwa hazina yao. Mantiki ya kisheria ipo: wana leseni za picha walizozitumia, na walikuwa tayari wameishtaki Stability AI, kampuni nyingine ya mashine za picha, kwa kuzitumia bila ruhusa. Lakini kwa mpiga picha wa ridhaa matokeo ni yaleyale. Picha zake, pamoja na maneno yale 50 aliyoyaandika kwa jasho, zimeifundisha mashine kutengeneza picha ambazo mnunuzi hatarudi kumlipa tena. Januari 2025 Getty na Shutterstock wakatangaza mpango wa kuungana, na soko lenye maduka machache halijawahi kumpandishia bei aliye chini.

Kikombe cheupe juu ya meza ya mbao. Watu wanne wanaocheka mbele ya kompyuta. Mikono inayokabidhiana ufunguo. Hizo zimekwenda, na sioni zikirudi. Mashine inazitoa kwa sekunde, zikiwa na nafasi ya kichwa cha habari upande wowote autakao mnunuzi. Hata kabla ya mashine zilikuwa zimeshashambuliwa kutoka upande wa bure: Unsplash, iliyoanza mwaka 2013 kwa kugawa picha bila malipo, ilinunuliwa na Getty mwaka 2021, na Pexels na Pixabay, nazo za kugawa bure, zilichukuliwa na kampuni ya Canva mwaka 2019. (Anayefikiri kugawa bure ni njia ya kujitangaza asome kisa cha Carol Highsmith. Mmarekani huyu ameitolea Maktaba ya Bunge la nchi yake maelfu ya picha kwa matumizi ya umma, na mwaka 2016 ikafichuka kwamba alikuwa ametumiwa barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga mwenyewe. Alikwenda mahakamani na madai yake makuu ya hakimiliki yakatupwa, kwa kuwa alikwisha zitoa.)

Kilichobaki ni ushahidi. Mashine inaweza kuchora mafuriko, ila haiwezi kusema kwamba mafuriko haya yalikuwa hapa, siku hii. Inaweza kuchora ndege mwenye rangi za kupendeza, ila mchapishaji wa kitabu cha biolojia hawezi kuhatarisha jina lake kwa ndege asiyekuwepo duniani mwenye kidole cha ziada. Inaweza kuchora muuguzi, na itamshikisha sindano namna ambayo kila muuguzi atacheka. Hapa mpiga picha wa ridhaa ana kitu ambacho hata mwenye studio hana: ana kazi nyingine. Fundi umeme anajua nyaya zinavyokaa ndani ya sanduku na zipi zimeungwa vibaya. Mfugaji anajua ugonjwa wa kwato unavyoanza. Mtu anayetembea kwa kiti cha magurudumu anajua mlango upi unamshinda na kwa nini, na picha zilizopo kwenye maktaba, nyingi zikiigizwa na wasiowahi kukikalia kiti hicho, zinamchekesha au zinamuudhi. Ujuzi huo ukiingia kwenye picha na kwenye maneno ya utafutaji, unampeleka kwenye foleni fupi, yenye wanunuzi wachache lakini wasio na pa kwenda kwingine.

Sisemi kwamba foleni fupi inalipa vizuri. Kwenye kifurushi, picha adimu na picha ya kawaida zinaweza kulipwa senti zilezile, na huo ndio udhaifu mkubwa wa hoja yangu. Inachofanya ni kuongeza uwezekano wa kuuzwa, na kukupa sababu ya kuipeleka picha mahali pengine: moja kwa moja kwa mchapishaji wa vitabu vya fani yako, kwa jarida la chama cha wataalamu, kwa maktaba ndogo zinazouza kwa picha moja moja badala ya kifurushi. Huko mazungumzo ya bei bado yapo. Ruhusa nazo ni ngumu zaidi huko: kiwanda kina mwajiri mwenye siri zake, hospitali ina wagonjwa ambao hawakuja kupigwa picha, na kitambulisho cha kazi si kibali cha kamera.

Kuhusu kuifungia kazi yako kwenye maktaba moja, iStock (ile iStockphoto) huwapa wasioifungia asilimia 15 ya mauzo ya picha, na walioifungia kuanzia asilimia 25. Tofauti inavutia kwa karatasi. Kwa mwenye picha mia mbili, kujifungia kwa kampuni moja wakati kampuni zinaungana na kubadilisha masharti naona ni kujinyima mlango wa kutokea. Kodi nayo isikushtue: kampuni hizi ni za Marekani, na sehemu ya mapato inayohesabiwa kutoka kwa wateja wa huko hukatwa asilimia 30 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani. Fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, W-8BEN, hujazwa mwanzoni kabisa. Usipoijaza, fedha zitakaa au zitakatwa zaidi.

Kipengele cha kusoma kabla ya asilimia siku hizi ni kile cha kuifunza mashine. Maktaba hazifanani hapa. Shutterstock wameweka kitufe cha mchangiaji kujitoa kwenye picha zinazokodishwa kwa ajili ya mafunzo ya mashine. Adobe Stock hawakuweka cha namna hiyo kwa Firefly, walichagua kulipa bonasi. EyeEm, maktaba ya picha ya Berlin, ilifilisika mwaka 2023, ikachukuliwa na kampuni ya Freepik, na mwaka 2024 masharti mapya yakaruhusu picha kutumika kufunza mashine. Asiyetaka ilimbidi azifute. Wengi walikuwa wameshasahau kwamba wana akaunti huko. Na hata ukifuta, leseni zilizokwisha uzwa zinaendelea kuishi kwa walionazo, na mashine iliyokwisha funzwa haisahaulishwi. Kwa hiyo orodha ya mahali ulipopakia, tarehe, anwani ya barua pepe uliyoitumia na picha zipi ziko wapi, iandike siku unayopakia ya kwanza.